Jibu la Msafiri wa Mwanza: Habari za Ziwa na Wajibu wa Mwandishi

Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza akaliona ziwa ambalo watu wa misafara waliliita Ukerewe, naye akalipa jina la malkia wake. Alikaa huko siku chache tu. Hakuwa na chombo cha kulivukia, wala hakuijua lugha ya wenyeji. Mkalimani wake alikuwa Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa Bara Hindi, ambaye alisema naye Kihindustani. Hata hivyo alirudi Kaze, ndiyo Tabora, akamwambia Burton kwamba chanzo cha Nile amekwisha kukiona.

Nataka kulitazama swali moja aliloliuliza pale Mwanza: ziwa hili laenda mpaka wapi? Aliyeulizwa alikuwa mwenyeji aliyesifiwa kuwa msafiri mkubwa kuliko wote mahali pale. Kwa maelezo ya Speke mwenyewe, mtu huyo alielekea kaskazini, akatikisa kichwa, akawa akirusha mkono mbele huku akialisha vidole. Kisha akasema kwamba hakuna ajuaye, ila yeye alidhani lafika mwisho wa dunia.

Jibu hilo lina adabu ya kitaalamu. Asichokijua amekitenga na anachokidhani. Aliyevichanganya ni Speke, na Burton alipomdai ushahidi alikuwa na haki, ingawa kwa habari ya ziwa lenyewe Burton ndiye aliyekosea. Ilimbidi Speke arudi, akauona mto ukitoka ziwani, mahali paitwapo leo Jinja, tarehe 28 Julai 1862. Na hata hivyo ubishi haukwisha mpaka Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, akianzia Kageyi, mashariki ya Mwanza. Dhana ya Speke iliweza kupimwa kwa sababu aliandika aliambiwa nini, na nani, na wapi.

Hapo ndipo ilipo shida yetu ya leo. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na muda si mrefu baadhi ya makala za kitaalamu zikaitaja kuwa mwandishi mwenza. Februari 2023 Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ilitamka kwamba zana za akili unde haziwezi kuwa waandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika kwa kazi, na kwamba azitumiaye aeleze alivyozitumia. Ni sawa, lakini kwa historia ya nchi za ziwani naogopa jambo jingine zaidi. Ukiiuliza mashine habari za watemi wa Usukuma, yaweza kukutajia makala ya Tanganyika Notes and Records, pamoja na toleo na ukurasa, ambayo haikupata kuandikwa kamwe. Na sauti yake ni ileile, ijuapo na isipojua.

Kunyoshewa sentensi na mashine si aibu, mradi litajwe. Bali kila chanzo mwandishi akifungue mwenyewe, na tafsiri ya Kisukuma au Kikerewe isomwe na ajuaye lugha hiyo kabla ya kupigwa chapa. Wahariri nao wadai jina la msimulizi, mahali, na siku aliyosema. Jina la msafiri yule wa Mwanza Speke hakuliandika.