Ukuzaji Tishu: Istilahi Iliyoingia Kibanjani

Ukuzaji tishu ni kuchukua kipande kidogo cha kiumbe hai na kukikuza nje ya mwili wake, katika chombo kisicho na vijidudu. Tishu ni kundi la seli zinazoshirikiana katika kazi moja. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, istilahi hii inahusu zaidi mgomba.

Fundi wa maabara hukata kitovu cha ukuaji kilichofichika ndani ya chipukizi, hukisafisha kwa dawa ya klorini, kisha hukiweka chupani juu ya agari yenye sukari, madini, vitamini na homoni. Mchanganyiko unaotumika sana ulitangazwa na Murashige na Skoog mwaka 1962. Homoni za saitokinini huamsha machipukizi mengi, nayo hugawanywa tena na tena hadi kipande kimoja kizae mamia ya miche. Baada ya kuota mizizi, miche huzoeshwa hewa ya nje chini ya kivuli.

Tangu zamani mkulima wa Kihaya hupata mbegu kwa kuomba chipukizi kwa jirani. Ukarimu huo umejaza vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, lakini tunguu la chipukizi hubeba pia fukusi na minyoo ya mizizi. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria, yaani unyanjano, uliripotiwa Muleba. Hauna dawa, mgomba ulioambukizwa hung'olewa. Ndiyo maana miche ya chupa, inayotoka kwa mgomba mama uliopimwa, ina thamani kubwa.

Maneno mawili yasichanganywe na istilahi hii. La kwanza ni uhandisi jeni. Ukuzaji tishu hauingizi jeni ngeni: enshakala, aina ya mgomba wa Kihaya, iliyokuzwa chupani hubaki enshakala. La pili ni usugu. Mche huu ni safi, si sugu. Ukishapandwa, panga chafu au mdudu anayetua kwenye ua dume huweza kuuambukiza kama mgomba mwingine wowote.

Kwa hiyo afisa ugani anayegawa miche aseme “miche safi”, na papo hapo afundishe kukata ua dume kwa kijiti chenye panda na kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Mkulima aliyeahidiwa usugu huacha kinga hizo, na kibanja kizima huweza kuangamia.