Shoti, erthi na neno lililokosekana

Fundi umeme wa Dar es Salaam ana neno moja kwa ajali mbili. Laini ikigusana na nyutro, breka ikaanguka, hiyo ni shoti. Mtu akishika bomba la kuogea akatetemeshwa, naye kapigwa shoti. Nairobi watasema kapigwa na stima, na kwa bahati njema hapo maneno yameachana. Yanastahili kuachana, maana breka huijua shoti ya kwanza tu. Breka ya ampea 32 inayolinda shawa ya umeme husubiri mkondo mkubwa. Mwili uliolowa, wenye upinzani wa ohmu 1,000 hivi, ukipewa volti 230 hupitisha ampea 0.23. Moyo waweza kusimama na breka isiwe na habari.

Erthi nayo imetupa picha ya ardhi inayomeza umeme, kama karo linavyomeza maji machafu. Ardhi haimezi. Umeme unatafuta njia ya kurudi kwenye transfoma, na rodi iliyochomekwa kwenye udongo mkavu ni njia mbovu: upinzani wa njia nzima ukiwa ohmu 23, zitapita ampea 10, na breka yetu itaendelea kustarehe. Ndiyo maana bafu linahitaji pia kifaa kinachohisi umeme unaovuja na kuukata upesi pindi unapofikia miliampea 30.

Tendo la tatu ndilo lisilo na jina. Waya wa kijani na njano unashika bomba la maji, unashika ganda la hita, unashika kila chuma kinachofikiwa na mkono wa anayeoga, ili hitilafu ikitokea volti za vyote zipande pamoja na zishuke pamoja. Agusaye viwili kwa mpigo hakuti tofauti ya kumsukumia mkondo mwilini. Mafundi huliita kuunganisha, lakini mteja alishaunganishiwa umeme siku ile mita ilipofungwa, anashangaa anadaiwa nini tena. Kusawazisha kungeifaa fizikia yake, ila kunanukia sakafu na pimamaji. Mimi nachagua kufungamanisha.

Na neno hilo limfikie fundi bomba mapema kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye anayekata kipande cha bomba la chuma kilichooza, akatia cha plastiki, maji yakatoka safi, na koki ya chuma ng'ambo ya plastiki ikabaki haijafungamana na chochote.