Mstari wa Maji: Historia ya Grafu za Maziwa ya Naivasha na Nakuru

Ziwa Naivasha, nchini Kenya, halina mto unaotoka ndani yake. Mito ya Malewa na Gilgil huliletea maji kutoka nyanda za juu za Nyandarua, na maji hayo hupotea kwa kugeuka mvuke na kwa kupenya ardhini. Kwa hiyo kimo cha ziwa hufuata mvua: hupanda na kushuka kwa mita kadhaa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Badiliko hilo huja polepole, hivi kwamba mkaazi wa ufukoni huweza kulima kwa miaka mingi mahali palipokuwa maji, akaamini kuwa ni nchi kavu ya kudumu. Grafu ndiyo iliyoliweka badiliko hilo mbele ya macho.

Kuchora takwimu ni ufundi wa karne chache tu. Mwaka 1786 William Playfair, Mskoti, alichapisha kitabu kilichoonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari na nguzo: wakati kwenye mhimili wa mlalo, kiasi kwenye mhimili wa wima. Mwaka 1801 aliongeza chati duara. Zaidi ya miaka themanini baadaye, mwaka 1883, wasafiri wa Kizungu Gustav Fischer na Joseph Thomson walifika Naivasha, wakaacha maelezo kuhusu ziwa ambamo Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo tangu zamani.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma yake zikaja ofisi, wapima ardhi na walowezi. Mwanzoni mwa karne ya 20, kimo cha maji ya Naivasha kilianza kusomwa kwenye nguzo yenye alama iliyosimamishwa ufukoni, na vipimo vikaandikwa daftarini mwezi baada ya mwezi. Haja haikuwa ya kisayansi peke yake. Ziwa lilipopungua, ardhi mpya ilijitokeza, na ikabidi iamuliwe ni ya nani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikubaliana na chama cha wenye mashamba ya kando ya ziwa kwamba mpaka wa ardhi binafsi ufuate usawa uliopimwa mwaka 1906, karibu mita 1,893 juu ya bahari. Ardhi iliyo chini ya hapo ingeweza kutumiwa, lakini ilihesabiwa kuwa sehemu ya ziwa.

Vipimo hivyo vinapochorwa hutokea mstari wenye mabonde na vilima. Uko juu mwanzoni mwa karne ya 20, unateremka hadi chini kabisa katikati ya miaka ya 1940, kisha unapanda kwa kasi baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, zile zilizoinua hata Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2. Mchoro huu unafunza pia kanuni ya mihimili. Nguzo zinazolinganisha idadi ya watu au magunia ya ngano sharti zianzie sifuri, la sivyo urefu wake hudanganya. Lakini kimo cha Naivasha kikichorwa kuanzia usawa wa bahari, tofauti ya mita kumi hupotea ndani ya mita 1,890 na ziwa huonekana halijawahi kutikisika. Hapo mstari ulioanzia karibu mita 1,880 ndio unaosema kweli.

Kufikia mwishoni mwa karne ya 20, swali lilikuwa jingine. Mashamba ya maua yalikuwa yameenea kando ya ziwa, na watu walibishana kama maji yanapungua kwa ukame au kwa pampu. Mwaka 2002 watafiti Robert Becht na David Harper walichapisha jibu lililokaa katika mistari miwili. Mmoja ulikuwa kimo kilichopimwa; wa pili kimo kilichokokotolewa kutokana na mvua, mvuke na maji ya mito peke yake. Kuanzia 1932 hadi 1982 mistari hiyo ilikwenda sambamba, ikitofautiana kwa takriban nusu mita au chini yake. Baada ya 1982, wakati kilimo hicho kilipoanza, iliachana, na kufikia 1997 ziwa lilikuwa mita 3 hadi 4 chini ya kimo ambacho hali ya hewa peke yake ingekiacha. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo iliyokuwa hoja, na ni vigumu kupata grafu ya Kenya iliyosema jambo zito zaidi kwa uwazi kama huo.

Ziwa Nakuru, lenye maji ya magadi na kina kifupi, lilileta ugumu wa aina nyingine: flamingo. Ndege hawa hufuata mwani wanaoula, na mwani ukitoweka huhamia maziwa ya Bogoria, Elmenteita au mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 mtafiti Ekkehard Vareschi alifuatilia uhusiano huo Nakuru, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ndege wa maji wa maziwa haya wamekuwa wakihesabiwa kila Januari kwa ushirikiano wa Makavazi ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na watu wa kujitolea. Idadi inaweza kufika laki kadhaa, hata milioni, kisha ikabaki elfu chache. Wastani wa hesabu za namna hiyo ni idadi ambayo huenda haijawahi kuonekana ziwani hata siku moja.

Kwa takwimu kama hizo, John Tukey, Mmarekani, alieleza katika kitabu chake cha 1977 grafu ya sanduku. Hesabu hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Sanduku hubeba nusu ya katikati, mstari ndani yake huonyesha thamani ya kati, na mikono miwili hunyooka kuelekea kwenye ncha. Hesabu zilizojitenga mno huwekwa kama nukta peke yake. Njia nyingine ni kipimo cha logi, ambapo kila hatua kwenye mhimili huzidisha idadi mara kumi, ili mwaka wa elfu chache usimezwe na mwaka wa milioni.

Mwaka 2000 mtafiti Dirk Verschuren na wenzake waliurefusha mstari wa Naivasha hadi miaka 1,100 nyuma. Walichimbua tope la chini ya ziwa kwenye kasoko ya Crescent Island iliyo ndani ya ziwa hilo, wakasoma aina za tope, mabaki ya diatomu (mwani wadogo mno) na ya wadudu wa majini tabaka kwa tabaka. Grafu yao inaonyesha ukavu kati ya takriban 1000 na 1270, kisha enzi ya mvua hadi karibu 1850, iliyokatwa na vipindi vitatu virefu vya ukame: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Vipindi hivyo viliwekwa kando ya masimulizi ya kale ya Afrika Mashariki kuhusu njaa, fujo na uhamaji, na vikaafikiana nayo. Mapokeo ya wazee na tope la ziwani yalishuhudia jambo moja.

Mwaka 2010 mstari ulianza kupanda tena. Kwa mujibu wa ripoti ya 2021 ya serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), Ziwa Nakuru lilipanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60 katika muongo mmoja, na lango kuu la hifadhi ya wanyama inayolizunguka likalazimika kuhamishwa. Mwaka 2020 maji ya Naivasha yaliingia mtaa wa Kihoto na kufukuza familia nyingi kutoka majumbani mwao. Sababu ya kupanda huku inaendelea kuchunguzwa, lakini uwezekano wake ulikuwa umechorwa zamani: ukingo wa 1906 na kilima cha miaka ya 1960 vilionyesha mahali ambapo ziwa liliwahi kufika. Anayetazama miaka ishirini ya mstari huu huona ufuko. Anayetazama karne nzima huona ziwa linalokwenda na kurudi. Viwanja vya kando ya maziwa haya vinapogawiwa, mstari wa kutazamwa ni ule mrefu.