George Okoth

Jumapili hii tunamweka wakfu mtoto, na mpaka jana jioni wazazi wake walikuwa hawajakubaliana juu ya jina. Alizaliwa usiku mvua ikinyesha Nyalenda yote, kwa hiyo Okoth halina ubishi. Shida ni George. Mama mtoto analitaka kwa ajili ya marehemu babu yake. Baba naye ananiambia, "Pasta, huyo si mfalme wa wakoloni? Alikuwa hadi kwa shilingi."

Si uongo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilikuwa na kichwa cha George wa Tano, na baadaye akaja George wa Sita. Wazee wetu walilipa kodi ya vibanda kwa hela zenye sura hizo. Na kanisa halikusaidia, maana misheni zilizoea kumpa kila anayebatizwa jina geni. Jaramogi Oginga Odinga, aliyebatizwa Obadiah Adonijah, aliyaweka kando majina hayo, na alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika alipata upinzani kanisani. Raila, aliyezaliwa Maseno mwaka 1945, ni mmoja wa watoto hao. (Ingawa Obadiah ni Kiebrania, "mtumishi wa Bwana". Mzungu naye aliazima.)

George pia ameazimwa. Mfalme wa kwanza wa Uingereza kuitwa hivyo alianza kutawala mwaka 1714, tena alitoka Ujerumani. Jina lenyewe ni Kigiriki: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Georgos ni mtu wa kazi ya ardhi. Mkulima, basi.

Sasa shika Biblia yako. Yohana 15:1, Yesu anapomwita Baba yake mkulima, neno la Kigiriki pale ni georgos. Yakobo 5:7, yule mkulima anayengoja kwa saburi mvua ya kwanza na ya mwisho, ni georgos tena.

Nilimsomea huyo baba Yakobo 5:7 kwa simu. Mkulima, na mvua. George, na Okoth. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akamuuliza mkewe, nikisikia, kama yule mzee alikuwa na shamba.

Alikuwa nalo. La mpunga, huko Ahero.

Ibada ni saa nne asubuhi. Njooni mapema.