Sketi ya rido: ufundi wenye ulivuka mupaka

Kushona hakukuanza leo. Wakati wa Union Minière, bibi za wafanyakazi walifundishwa kushona kwenye fuaye sosiali, nao wakafundisha binti zao. Nguo za mitumba pia ni za zamani: mbele ya uhuru wa 1960 zilikuwa zinatoka Ulaya, zinapita hapa Elisabethville, zinavuka mpaka Luapula. Leo Wazambia wanaziita salaula, ni kusema kufukua lundo na kuchagua.

Vita ikatupa wengi kwenye kambi za Kala na Mwange. Mashini zilibaki nyuma. Ufundi ulikwenda na mikono, na tangu 2007 ukarudi nayo.

Sasa tuko na lazima nayo. Tangu 2019 primeri ya serikali ni bure, lakini sketi ya bulu si bure, na binti bila sketi anaona haya kuingia darasani. Rido moja ya bulu ya mitumba inatoa sketi mbili: kata, unga ubavu, pinda kiunoni, pitisha elastiki.

Mwenye anajua, afundishe binti wa jirani. Njo vile ufundi ulitufikia.