Daftari za Mwalimu Mtui

Husemwa kwamba mila za Wachagga ziliokolewa na Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902. Silikubali dai hilo, na sababu yangu ni mwalimu mmoja wa Marangu, Nathaniel Mtui.

Mwanzo wa habari hii unajulikana. Mmisionari Rebmann aliuona mlima mwaka 1848, Wakatoliki wakajenga misheni Kilema, Misheni ya Leipzig ikaingia 1893, Wajerumani wakamnyonga Mangi (mtawala) Meli mwaka 1900.

Mtui, mwalimu wa Kilutheri, alihoji wazee na kujaza daftari kwa habari za wamangi, koo na vita vya mlimani. Kathleen Stahl aliziegemea sana katika historia ya Wachagga aliyoitoa mwaka 1964. Gutmann naye alitoa kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga mwaka 1926. Yaliyomo yametoka vinywani mwa wenyeji. Jina la jaladani ni la Mjerumani.

Gutmann ana sifa yake. Alitambua kwamba Mchagga hasimami peke yake, ana ukoo, jirani na rika, akawaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vya kusimamiana. Lakini hayo aliyakuta. Mfongo, yaani mfereji, ulikuwa ukiteremsha maji kutoka mtoni hadi vihambani, yaani mashamba ya ukoo, kwa zamu, na aliyekwepa kazi ya kuuzibua alitozwa faini. Aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la mmea wa isale kuomba msamaha, na kulikataa ilikuwa aibu kubwa. Watu hao hawakungoja mahubiri ndipo wajue toba na upatanisho, na walipobatizwa waliendelea kumwomba Mungu kwa jina lile lile la Ruwa.

Wamisionari Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1920, waliobaki na kazi ya kila siku ya usharika ni walimu na wazee wa kanisa. Wao ndio walioongoza ibada na kufundisha watoto. Kwangu kipindi hicho kina uzito kuliko miaka yote ya Gutmann katika kituo chake cha Moshi ya Kale.

Gutmann aliporudi, alitaka Kichagga kitawale kanisani na shuleni. Vijana walitaka Kiswahili na Kiingereza pia, wakaonekana wameiasi mila. Ni hukumu ya kuonea. Joseph Merinyo, aliyelelewa na misheni hiyo hiyo, alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925. Kahawa yenyewe ilipandwa kihambani, katikati ya migomba ya babu zao. Mkulima anayetaka kusoma mwenyewe hesabu ya mauzo yake amemwasi nani?

Kwenye koo za walimu wa zamani huenda bado kuna daftari kama zile za Mtui, zimefungiwa sandukuni au zimeachwa darini. Mwenye nazo asizichome. Azipige picha, kisha azipeleke dayosisi au chuo kikuu, na jina la aliyeziandika liwekwe mbele.