Mkomani bila koma: Historia ya Lamu iliyo mwituni

Juzi nilimuuliza mwanafunzi wangu mmoja kutoka Lamu maana ya Mkomani. Mkomani, kwa wasioujua mji huo, ni nusu ya kaskazini ya mji wa kale; nusu ya kusini ni Langoni. Kijana akafikiri kidogo, akajibu: "Profesa, nadhani ni pale mji unapokoma."

Jibu lina akili, ila silo. Mkomani ni penye mkoma, mti wa jamii ya mnazi ambao kwingine huitwa mkoche. Miyaa yake husukiwa mikeka, na tunda lake, koma, hugugunwa kwa utamu wa nyuzi zake. Kijana amezaliwa Mkomani, lakini koma hajapata kulionja.

Sisi wa zamani hatukuhitaji kuelezwa. Msimu ulipofika tulivuka kwa mashua hadi kisiwa cha Manda, tukaokota mabuyu na kuchuma kunazi hadi kanzu zikachanika kwa miiba. Bibi alikuwa akituonya: "Wanangu, msende mwituni na ndaa, mtakula mabichi." Ndaa, kwa Kiamu, ni njaa.

Leo nataka kudai kwamba matunda hayo ni sehemu ya historia yetu, na ushahidi umo katika majina yenyewe.

Hebu tuanze na matunda ya shambani. Embe na fenesi ni majina yaliyotoka Bara Hindi. Tini limetoka Uarabuni. Pera tulilipata kwa Wareno. Kila jahazi lilileta tunda na jina lake. Sasa geukia mwituni: buyu, koma, furu, bungo, kwakwa, ukwaju. Hapa hakuna jahazi. Haya ni maneno ya Kibantu, na majirani zetu wanayo ya ukoo huohuo. Tunaposema mbuyu, Mgiriama husema muuyu. Tunaposema mfuru, yeye husema mfudu.

Ukwaju una kisa chake. Waarabu huuita tamri hindi, yaani tende ya Kihindi, na Wazungu wakalichukua jina hilo kutoka kwao. Kumbe wataalamu wa mimea wanasema asili ya mti huo ni Afrika! Mswahili hakudanganyika: aliendelea kuuita kwa jina la wazee wake, ingawa mabaharia wa Kiarabu walikuwa wageni wake kwa karne nyingi.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba miji ya Uswahilini ni kazi ya wageni waliotoka ng'ambo. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, kuanzia mwaka 1980, ulionyesha mji ulioanza katika karne ya 8 kwa nyumba za miti na udongo, kabla ya mawe. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walitoa kitabu kilichotumia lugha yenyewe kuonyesha kwamba jamii hii ni ya Kiafrika. Neno moja halithibitishi historia nzima, nakubali. Lakini orodha nzima ya matunda pori yenye majina ya kurithi inatuambia jambo: waliotuachia lugha hii waliujua mwitu kabla ya kuyajua majahazi.

Na wapo wanaoujua zaidi yetu. Bara, mkabala na visiwa, wanaishi Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Hao ni wawindaji, warina asali na wachumaji wa matunda, na lugha yao ni ya Kikushi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa msituni na kuwaweka vijijini. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji. Tangu mwaka 2015, operesheni ya usalama katika msitu wa Boni imewabana hata kuchuma na kurina. Mtu asipoingia msituni, atamwonyesha mwanawe tunda gani, na jina atamfundishia wapi?

Hapo ndipo penye hofu yangu. Neno halifi siku linapofutwa kamusini. Hufa pale mzee anapolitamka na mtoto asione kitu akilini. Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ni haki yake. Tumelinda milango ya nakshi na kuta za matumbawe. Mkoma uliolipa mtaa jina hauna mlinzi.

Walimu wa Kiswahili wa Lamu, nawaomba jambo dogo. Mkifika kwenye ngeli ya M-MI, msiishie mti, mkono na mguu. Wapelekeni watoto Manda, washike mkoma, mkunazi na mfuru kwa mikono yao. Na yule kijana wangu nimemwahidi koma moja likizo ijayo, likipatikana.